Mfumo Unaojua Kudai Ujifunze na Kujibu

Mwandiga ni njia panda. Barabara moja yashuka kutoka Manyovu, mpakani na Burundi, ikipita kwenye mashamba ya kahawa ya Kalinzi. Nyingine yatoka Kidahwe, ambako njia za Kasulu na Uvinza hukutana. Nazo zikishafika hapo huwa njia moja hadi Kigoma mjini. Kinachotoka milimani kwenda kuliwa au kuchomwa mjini hupita Mwandiga: ndizi, maharage, mihogo, kuni na mkaa. Mtu aketiye hapo kutwa nzima aweza kuisoma hali ya milima ya Kigoma bila ya kupanda hata kilima kimoja.

Mkaa una ushuru wake. Tangu mwaka 2017, Serikali ilipoweka mfumo mmoja wa kielektroniki wa kukusanya fedha za umma, mfanyabiashara halali hupewa namba ya malipo, akalipa kwa simu akiwa amesimama kando ya gari, na fedha zikafika zinakotakiwa kabla gunia halijashushwa. Jambo hili ni jema. Limeziba mianya mingi iliyowanenepesha wachache, na hapana mwenye akili timamu atakayetamani kurudi kwenye stakabadhi za mkono, zile ambazo nakala ya mlipaji ilikuwa na tarakimu moja na nakala ya ofisi tarakimu nyingine.

Lakini yafaa kuuliza habari za mtu wa pili. Huyu ni mwanakijiji ambaye mti huo ulikuwa juu ya kilima chake, akauacha usimame. Kijiji chake kilikutana, kikatenga msitu, kikakubaliana kwamba hapo hapatalimwa wala hapatachomwa tanuri la mkaa. Amekosa shamba, amekosa kuni za karibu, na maji ya kijito kinachotoka chini ya msitu ule yanawanufaisha watu wa bondeni asiowajua hata kwa sura. Hakuna namba ya malipo inayomtafuta huyu. Aliyekata anajulikana kwa dakika moja. Aliyehifadhi hajulikani hata kwa mwaka mzima.

Haiwezi kusemwa kwamba Taifa halina vyombo vya kumjua. Vyombo vipo, tena vimegharimu fedha nyingi za wananchi. Kuna namba ya Kitambulisho cha Taifa. Mwaka 2022 ilifanyika operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na barabara zikapewa majina. Mwezi Agosti mwaka huo huo Sensa ilifanywa kwa vishikwambi, na baadaye vishikwambi hivyo vikagawiwa walimu. Msimu wa 2022/23 wakulima waliandikishwa katika daftari la kielektroniki ili wapate mbolea ya ruzuku, na daftari hilo likamjua mkulima kwa jina lake, kijiji chake na ukubwa wa shamba lake. Mpango wa kunusuru kaya maskini, chini ya TASAF, umekwisha kuwalipa wananchi ujira kwa kazi za muda vijijini, zikiwamo za kupanda miti na kuzuia mmomonyoko, na wengine wamelipwa kwa simu. Kwa hiyo kulipa kunawezekana, na kumjua mwananchi kunawezekana. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuviunganisha vyombo hivi na msitu, mto na ziwa. Nyumba ina namba, mlima hauna.

Na kwa kuwa mlima hauna namba, kazi ya kuuhesabu imeachiwa wengine.

Habari hii yajulikana vema Kigoma. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe mtu, na mwaka 1968 Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa. Picha za setilaiti za mwaka 1972 zilipowekwa kando ya zile za mwaka 1999, zilionesha jambo ambalo wazee wa Mwamgongo na Bubango wangeweza kulisema bila setilaiti: ndani ya mpaka wa hifadhi miti ilikuwapo, nje ya mpaka vilima vilikuwa vimevuliwa nguo. Huko nje ya mpaka ndiko waishiko watu. Tangu mwaka 1994 taasisi ya mama huyo ilianza kufanya kazi na vijiji kwa miche ya miti, maji, afya na mikopo ya akina mama. Kisha, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, vijiji vikachora mipango yao vikatenga misitu ya hifadhi. Vijana wa vijiji hivyo wakawa walinzi wa misitu. Wakapewa simu janja na vishikwambi, wakipita porini wakiandika kila kisiki kipya, kila mtego, kila kiota cha sokwe, pamoja na mahali kilipoonekana.

Kazi hiyo ni ya kusifiwa, na atakayeibeza hajapata kupanda milima ile wakati wa masika. Lakini sifa haiondoi swali. Simu ilitoka kwa wafadhili. Picha za anga zilitoka kwa makampuni ya Marekani. Mtumishi wa umma wa wilaya akitaka kujua visiki vingapi vimeongezeka mwezi uliopita katika msitu ulio chini ya mamlaka ya kijiji cha Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, njia yake ya kwanza ni kumwomba mwenye mradi.

Na mwenye mradi naye ana mlishaji wake. Kwa miaka mingi fedha za uhifadhi magharibi mwa Tanzania zilitoka kwa kiasi kikubwa katika shirika la misaada la Marekani, USAID. Mwaka 2025 watawala wa Washington waliamua kulivunja shirika hilo, na kufikia Julai mwaka huo lilikuwa limefungwa rasmi, kwa sababu zisizohusiana hata kidogo na kijito kimoja cha Kigoma. Hakuna aliyewauliza watu wa Chankele wala wa Mtanga. Hivyo ndivyo ilivyo kuutegemea mlango wa jirani: siku akiamua kuufunga, hana haja ya kubisha hodi kwako. Mama Goodall mwenyewe alifariki dunia Oktoba 2025. Ameacha vijiji vinavyojua kuhesabu misitu yake. Je, Taifa limeviwekea daftari la kuandikia hesabu hiyo?

Hapa ndipo wanapotokea mabingwa wa visingizio. Wa kwanza husema, “Mfumo hauruhusu.” Neno hili limekuwa ngao mpya ya urasimu. Zamani mwananchi aliambiwa faili halionekani. Alijua kwamba faili limefichwa na mtu, naye aliweza kumtafuta mtu huyo. Sasa aambiwa mfumo hauruhusu, kana kwamba mfumo ni mvua au tetemeko la ardhi. Mfumo umeandikwa na watu, ukalipiwa na watu, na ukikosa kisanduku cha kuandikia msitu wa kijiji ni kwa sababu aliyeuagiza hakuona umuhimu wake. Ajabu ni kwamba kisanduku cha ushuru hakijapata kusahaulika.

Wa pili husema, “Hiyo ni shughuli ya mradi.” Kwa maneno mengine, posho ya mradi ikiwapo msitu ni wa umma, posho ikiisha msitu ni wa sokwe. Fikra hizi ndizo zilizojaza makabati ya ofisi nyingi za vijiji ramani nzuri za rangi, zilizokunjwa na kuliwa na mende, huku wakulima wakilima ndani ya zile mita 60 za ukingo wa mto ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Mkulima anashtakiwa kwa kuvuka mpaka ambao ramani yake hajaioneshwa.

Wa tatu ni hatari zaidi, maana huvaa joho la usalama. Yeye husema takwimu ni siri. Ni kweli kwamba jina la mlinzi wa msitu aliyetoa taarifa ya jangili yapasa kufichwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo kwa ajili ya kuwakinga watu kama yeye. Lakini idadi ya visiki si taarifa binafsi ya mtu yeyote. Kisiki hakina kitambulisho.

Yatazamwe ya Brazil, nchi yenye msitu mkubwa na wezi wakubwa. Mwaka 2004 taasisi yake ya utafiti wa anga ilianza kutoa tahadhari za ukataji miti kwa picha za setilaiti, na matokeo yake yakawekwa wazi kwa kila mtu. Pamoja na hatua nyingine za Serikali, eneo la Amazon lililofyekwa kwa mwaka likashuka kutoka kilomita za mraba 27,772 mwaka huo hadi 4,571 mwaka 2012. Mwaka 2019, ukataji ulipopanda tena na rais wa wakati huo akachukizwa na hesabu hizo, mkuu wa taasisi alifukuzwa kazi kwa kuzitetea. Mtawala hafukuzi mtu kwa sababu ya takwimu zilizofungiwa kabatini. Zilizomuuma ni zile ambazo kila mtu alikuwa amekwisha kuzisoma. Lakini Brazil ina funzo chungu pia. Sheria yake ya misitu ya mwaka 2012 iliamuru kila shamba liandikishwe katika daftari moja la kielektroniki, na mwenye shamba ajitamkie mipaka yake mwenyewe. Wenye nguvu wakajitamkia misitu ya umma. Daftari lisilo na mkutano wa kijiji nyuma yake laweza kumhalalishia mwizi mali aliyoiba. Katika hili Tanzania ina silaha ambayo Brazil haina: ardhi ya kijiji iko mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu, na mipaka hutamkwa mbele ya majirani wanaoijua.

Upande wa kusini, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji vinane vya milima ya Ntakata vimekwisha kupata mabilioni ya shilingi kwa kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na misitu yao, na vimejenga madarasa na vituo vya afya. Msitu uliosimama, basi, una bei. Ila hata hapo mpatanishi ni kampuni, na daftari la kimataifa la mauzo hayo liko Marekani.

Ziwa nalo lina kesi hiyo hiyo. Mwaka 2003 wanasayansi walichapisha ushahidi kwamba maji ya juu ya Tanganyika yameongezeka joto, hayachanganyiki na ya chini kama zamani, na kwa hiyo chakula cha samaki kimepungua. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Serikali ilisitisha uvuvi ziwani ili samaki wazaliane. Uamuzi ulikuwa wa busara, na mzigo wake aliubeba mvuvi wa Kibirizi na Ujiji. Mvuvi huyo ana leseni. Alipoilipia, jina lake liliingia katika mfumo. Orodha iliyofaa kumdai yafaa pia kumfuta jasho katika miezi ya kulipumzisha ziwa, na kumwonesha, mwalo kwa mwalo, samaki waliopatikana kabla na baada. Mtu aliyefunga nyavu zake kwa miezi mitatu anastahili kujua zilifungwa kwa faida gani.

Kinachodaiwa hapa hakihitaji mashine mpya wala safari ya mafunzo ng’ambo. Msitu wa hifadhi wa kila kijiji upewe namba katika kanzidata ya Serikali, kama nyumba ilivyopewa. Taarifa za mlinzi wa msitu ziingie humo, na nakala abaki nayo yeyote mwingine anayeitaka. Mlinzi huyo alipwe kwa njia ile ile ya simu ambayo ushuru hulipwa, na sehemu ya ushuru wa mkaa unaokusanywa Mwandiga irudi kwa vijiji vilivyoacha miti yao isimame. Ni sehemu gani, hilo ni la kuamuliwa na Bunge na Halmashauri, lakini haiwezekani iwe sifuri.

Wapo watakaosema kwamba wanavijiji wengi hawana simu janja. Hoja hii ingekuwa na uzito kama isingetolewa na watu wale wale ambao hawaioni kuwa kikwazo wakati wa kudai. Mkutano Mkuu wa Kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi hubandikwa ubaoni. Kando yake iwekwe karatasi ya pili: visiki vipya vingapi, moto umeunguza wapi, mvua imenyesha kiasi gani, na shilingi ngapi zimeingia kwa ajili ya msitu. Afisa Mtendaji wa Kijiji aweza kuichapa. Mwalimu mwenye kishikwambi cha Sensa aweza kuisoma na wanafunzi wa darasa la sita, wakapima mvua kwa kopo uwanjani na kulinganisha na iliyoandikwa. Ikionekana hesabu haziendani, watoto hao watakuwa na swali la kupeleka mkutanoni, na mtendaji atakuwa na miezi mitatu ya kutafuta jibu.