Kwaya Zifunzwe Maneno Kabla ya Sauti

Kila msimu wa tamasha za muziki unapowadia, shule zetu hugeuka vituo vya mazoezi. Asubuhi na jioni utawasikia wanafunzi wakirudia ubeti uo huo mara ishirini, huku mwalimu akigonga meza kuwakumbusha mapigo. Ni kazi ya kupongezwa. Tangu tamasha hizi zilipoanza nchini mwaka 1927, zimewapa vijana mengi ambayo mtihani hauwezi kuwapa. Hata hivyo, nikiwa mwanaisimu, na pia mwimbaji wa besi katika kwaya kwa zaidi ya miaka ishirini, naona kuna jambo moja linalopuuzwa mno: wanafunzi wengi huimba maneno wasiyoyaelewa.

Tuanze na wimbo ambao kila mwanafunzi huuimba, nao ni wimbo wetu wa taifa. Uliandaliwa na tume ya watu watano mwaka wa uhuru, 1963, na sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Mimi huupenda kwa sababu hiyo. Mataifa mengi yamejichagulia nyimbo za vita. Sisi tulichagua sauti ya mama wa kando ya mto Tana akimtuliza mwanawe.

Sasa mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu: katika neno 'ilete' la ubeti wa kwanza, kiambishi i- kinasimamia nini? Wengine watajibu kwamba kinasimamia 'nguvu', kwa kuwa nomino hiyo imetangulia, na sarufi haiwakatazi. Mimi naelekea kwingine. Neno 'Ee' laonyesha kuwa Mungu anaitwa na kusemeshwa moja kwa moja. Kwa hiyo kitenzi hicho ni ombi analoelekezewa yeye, na i- ni ya mtendwa, yaani baraka inayoombwa. Ni muundo ule ule tuusikiao kwa jirani zetu Watanzania katika 'Mungu ibariki Afrika', wimbo ambao sauti yake ilitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897. Humo i- ni Afrika yenyewe.

Je, huu ni ubishi wa wanasarufi tu? La hasha! Vitazame vitenzi vya ubeti huo wote. Hakuna hata kimoja kinachotangaza kwamba haki, amani na ustawi tayari tunavyo. Vyote ni vya kuomba na kuhimizana. Anayelijua hilo hawezi kuuimba kwa majivuno ya mtu aliyekwisha kufika. Atauimba kwa unyenyekevu wa msafiri ambaye safari yake ingali ndefu. Tungeuimba hivyo sote, wakubwa kwa wadogo, huenda tungeulizana mara nyingi zaidi ni wapi haki hiyo tuliyoiomba imekwama.

Kwaya zetu pia hupenda mno ile 'Haleluya' ya Handel, kutoka katika utungo wake 'Messiah' ulioimbwa mara ya kwanza mjini Dublin mwaka 1742. Wengi hudhani neno hilo ni kelele ya furaha tu. Kumbe ni la Kiebrania, nalo ni agizo kwa watu wengi: msifuni Yah, yaani Mungu. Mwimbaji akilifahamu hilo, ataelewa kwamba soprano inapoita, inawahimiza tena wenzao. Na besi inapojibu, inaitikia na kuwahimiza kwa zamu yake. Mara moja kwaya huacha kupayuka, ikaanza kusikilizana.

Lakini hasara kubwa zaidi iko katika nyimbo zetu za kiasili. Ni jambo jema kwamba mwanafunzi wa Mombasa huimba wimbo wa magharibi ya nchi, na wa Kisumu akaimba wa pwani. Hata hivyo, nimewahi kuona kwaya ya shule moja ikiimba wimbo wa maombolezo kutoka jamii nyingine huku waimbaji wakitabasamu na kutikisa mabega, kwa kuwa waliambiwa majaji hupenda uchangamfu. Hadhira ilishangilia. Nyuma yangu ameketi mzee mmoja wa jamii ile, ameinamisha kichwa. Watoto wale hawakuwa na hatia. Hakuna aliyewaambia kwamba kilio kile kilikuwa cha mtu aliyefiwa.

Isitoshe, lugha ina sauti zake kabla mtungaji hajaleta zake. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba 'barabara' yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari, na yenye mkazo kwenye silabi ya pili ni sawasawa. Kwa kawaida mkazo wetu huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tenzi nyingi za kanisani zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza hulazimisha noti nzito iangukie silabi ya mwisho, na neno likapindika mdomoni. Katika lugha zetu nyingi za kienyeji, ambazo hutofautisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, madhara huwa makubwa zaidi.

Wapo watakaosema muziki hauhitaji maneno, kwa sababu hata mtoto mchanga hulala kwa wimbo asioufahamu. Ni kweli, mtoto haelewi. Lakini mama anayemwimbia anaelewa, na ndiyo maana sauti yake hutuliza. Msikilizaji anaweza kusamehewa asipoelewa. Mwimbaji hawezi.

Basi nawaomba walimu wenzangu mambo matatu. Kwanza, kipindi cha kwanza cha mazoezi kiwe cha kusoma maneno na kuyajadili, bila kuimba. Pili, wimbo wa kiasili usifundishwe kabla ya kumtafuta mwenye lugha hiyo aeleze nani aliuimba, lini, na kwa nini. Maelezo hayo yaandikwe na kuhifadhiwa shuleni, kwa sababu wazee wanaoyajua wanazidi kupungua. Tatu, jaji amwulize mwimbaji mmoja, atakayemteua mwenyewe, maana ya wimbo aliouimba, na jibu hilo litiwe alama.

Nanyi wanafunzi, msingoje kuulizwa. Mwalimu akiwapa wimbo mpya, nyosheni mkono kabla hajatoa sauti ya kuanzia, mseme: mwalimu, tunaimba nini?