Kura ya mjumbe isigeuzwe gizani

Julai 2020, baada ya kura za maoni za CCM za kuwapata wagombea ubunge, msemo mmoja ulienea nchi nzima: “wajumbe si watu.” Waliousema ni walioshindwa. Walipita kwa wajumbe, wakaahidiwa kura, na sanduku lilipofunguliwa wakakuta wameambulia kura mbili au hawana hata moja.

Sisi tunasema wajumbe ni watu, na siku ile walifanya kazi ya watu. Kura zilihesabiwa ukumbini, mbele ya kila aliyezipiga. Karatasi inakunjuliwa, inainuliwa juu, jina linasomwa kwa sauti. Jimboni Kigamboni, Paul Makonda, aliyetoka tu kwenye ukuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alipata kura 122, Dk. Faustine Ndugulile 190. Walioamua hayo ni makatibu wa matawi na akina mama wa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama, watu wanaopanga viti juani kabla mgeni rasmi hajafika. Cheo hakikuwatisha.

Kisha majina yakaenda Dodoma, na huko baadhi ya matokeo yakageuzwa. Katika jimbo la Kawe, aliyeshika nafasi ya tatu ndiye aliyeteuliwa. Kanuni zinaruhusu: kura za maoni ni maoni, uteuzi ni wa vikao. Kanuni hizo zimeguswa hapa na pale tangu wakati huo, lakini neno la mwisho limebaki juu.

Wakubwa hujitetea kwamba wajumbe huhongwa. Bahasha zipo, hatubishi. Lakini dawa ya rushwa ni kumkata aliyehonga, ushahidi ukiwekwa mezani. Kumkata mshindi bila kutaja kosa lake ni kuwaambia watu mia tatu kwamba walipoteza siku yao bure. Nao hawasahau. Oktoba mwaka ule ule, kwenye uchaguzi mkuu, kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 29 walioandikishwa, waliofika vituoni walikuwa kama milioni 15. Kila aliyebaki nyumbani ana sababu yake, lakini hatuamini kuwa manung’uniko ya matawini hayamo.

Tulishawahi kufanya vizuri zaidi, tena tukiwa na chama kimoja. Mwaka 1965 TANU iliweka wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa nyumbani kwake Mwanza, na nchi haikutikisika.

Leo mtu akikatwa na chama chake, njia ni kuhamia chama kingine au kunyamaza, kwa sababu Katiba inamtaka kila mgombea adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mara mbili. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema ni kazi ya Bunge. Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake. Mtikila alifariki mwaka 2015 sharti likiwa palepale, kwenye ibara za 39 na 67 za Katiba. Wakenya waliliondoa la kwao kwa Katiba ya 2010, na mwaka 2022 watu wa Meru wakamchagua Kawira Mwangaza, mgombea binafsi, wakimwacha gavana aliyekuwa madarakani.

Bunge lifute sharti hilo. Hukumu ya Arusha imekaa vya kutosha.

Na vyama vyote, si CCM peke yake, vianze na jambo jepesi lisilongoja Katiba. Kikao cha juu kikimkata aliyeongoza kura, kiandike sababu, kitie saini, na barua hiyo isomwe mbele ya wajumbe, kwenye ukumbi ule ule walikohesabia kura zao.