Tovuti inaanza kwenye karatasi

Lubumbashi kama Bukavu, kijana anayetaka kujifunza kutengeneza tovuti huambiwa kwanza anunue mega. Hapo wengi wanakata tamaa, tena bila sababu.

HTML, lugha aliyoianzisha Tim Berners-Lee alipokuwa CERN huko Geneva, ni maandishi ya kawaida tu. Unaandika kwa programu ndogo ya maandishi iliyomo tayari ndani ya kompyuta, unahifadhi faili kwa jina index.html, unaifungua kwa kivinjari. Intaneti haijaguswa. Mega zitahitajika siku ya kupeleka kazi kwenye seva, pamoja na pesa za kulipia jina la tovuti, liwe la .com au lile la nchi yetu, .cd.

Na kabla ya kompyuta, kalamu. Tuseme ni tovuti ya mama muuza vitenge: mteja anatafuta nini kwanza? Picha, bei, namba ya simu, mahali duka lilipo. Chora kurasa tatu, weka mishale kuonyesha ipi inaelekea wapi. Picha zipunguzwe uzito, maana mteja atazifungua kwa simu, kwa mega zake mwenyewe. (Umeme ukikatika, kazi hii inaendelea.)

Lakini vituo kadhaa vya mafunzo vinarukia tovuti zilizokwisha kutengenezwa: mwanafunzi anabadilisha rangi, anapewa cheti. Mteja akiomba badiliko dogo, anakwama. Wanaolipisha masomo hayo wafundishe mwezi wa kwanza bila intaneti, na bei ishuke.