Vidole vya Mchawi Sipiki

Nimeombwa kupika vitafunio vya kutisha vya sherehe ya watoto hapa Kericho. Nikatumiwa picha: soseji zimechongwa zikawa vidole vya mchawi, kucha ni kitunguu. Nikakataa. Eti sina ucheshi!

Sikieni, bana. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, si mbali na mashamba yetu ya chai, wanawake wanne wa umri mkubwa waliuawa na umati wakidaiwa kuwa wachawi. Mtoto akifundishwa leo kwamba mikono iliyokunjamana ni ya mchawi, kesho atamwogopa nani? Bibi wa jirani.

Mnataka kutisha? Chemosit tunaye: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Hafanani na bibi ya mtu yeyote. Chemsha kiazi, tia chumvi. Mdomo uwe pilipili hoho nyekundu, mguu karoti, bawa jani la sukuma. Zimeni taa, simulieni kisa chake, halafu watoto wamle mpaka mguu.

Huyo nitampika hata bure.