Kinga Ikipungua Si Lazima Iwe Ukimwi

Neno "Ukimwi" limetufaa sana, lakini sisi wanaisimu hatuna budi kukiri kasoro yake. Kirefu chake ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Dhana ya kuambukizwa haimo. Kwa hiyo, yeyote asemwaye kuwa kinga yake imepungua huhukumiwa mitaani na hata madarasani kabla hajapimwa.

Wanaoumizwa na kosa hili ni wagonjwa wa uboho. Uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, ndio kiwanda cha damu. Humo hutoka pia seli changa ambazo husafiri hadi kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, zikapevuka na kufunzwa kumtambua adui. Hizo ndizo seli T, na herufi hiyo imetokana na jina la tezi yenyewe. Mwaka wa 1961 mtafiti Jacques Miller alionyesha kwamba panya walioondolewa tezi hiyo wakiwa wachanga walikosa kinga.

Virusi vya Ukimwi huziangamiza seli T. Maradhi ya uboho huanzia kwenye chimbuko: kiwanda kikizimika, askari hawazaliwi. Tena katika anemia ya aplastiki, aghalabu seli T zenyewe huugeukia uboho na kuuhujumu, hata daktari akalazimika kuipunguza kinga kwa dawa ili aunusuru. Naye mtu mzima aliyepandikizwa uboho, ambaye thaimasi yake imekwisha kusinyaa kwa umri, huweza kungoja mwaka au zaidi kabla ya seli T kurejea kikamilifu. Muda huo wote, mafua ya jirani yaweza kumlaza hospitalini. Upungufu wake hauambukizi. Sisi ndio tunaoweza kumdhuru.

Sipendekezi neno Ukimwi lifutwe. Limekwisha kukita mizizi. Wala simaanishi kuwa mwenye Ukimwi anastahili kutengwa. Ninachodai ni kwamba mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa bayolojia waketi pamoja, wafundishe kuwa upungufu wa kinga ni ukoo mzima wa maradhi, na Ukimwi ni mmoja tu katika ukoo huo.

Nanyi wanafunzi, mkimwona mwenzenu amekonda na kujifunika kinywa, msiupe ugonjwa wake jina kabla ya daktari. Neno likikosewa, alipaye ni mgonjwa.