Kitabu cha Kukunja Karatasi Hakiulizi Kifaransa



Kila mama wa Simi-Simi anajua karatasi ya kaye iliyokwisha inaishia wapi. Moja inakuwa ndege, na kwa kuwa tunakaa karibu na uwanja wa ndege, watoto wetu wanajua vizuri namna inavyopaswa kupaa. Nyingine inakuwa mashua ya kuelea kwenye maji ya mvua, nyingine kofia. Zinazobaki zinaviringwa na kujazwa karanga za kuuza. Hayo yote hayakutoka kitabuni: mkubwa anamwonyesha mdogo, basi.

Wajapani wameifanya kazi hiyo kuwa sanaa. Wanaiita origami, maana yake kukunja karatasi. Masharti yake ni machache: karatasi moja ya mraba, vidole vyako kumi, bila mkasi na bila gundi. Vitabu vya kuifundisha ni vingi, na vya Kifaransa vimo. Mtoto anaweza kurudi na kimoja nyumbani siku yoyote.

Hapo ndipo penye neno langu la juma hili. Mtoto akileta kitabu, wengi wetu tunajibu haraka: “Peleka kwa baba yako,” ama, “Ngoja kaka yako arudi, mimi sikusoma.” Tuna sababu zetu. Kuna aliyetolewa shuleni na vita, kuna aliyekosa feranga za kulipa, kuna aliyeolewa mapema. Kuna pia aliyesoma, lakini Kifaransa chake kilibaki darasani. Mtoto hajui sababu hizo. Anasikia jibu lile mara moja, mara mbili, na mara ya tatu hakuletei tena kitabu. Anajifunza kwamba mama na kitabu hawakai mkeka mmoja. Kumwondoa wazo hilo baadaye ni kazi ngumu.

Basi, kitabu cha origami ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu kinasomwa kwa macho na mikono. Tuone ilikuwaje.

Vitabu vya kukunja karatasi vilikuwako Japani tangu zamani. Kimoja kinachojulikana sana kilitoka mwaka 1797. Lakini kufuata michoro yake bila mtu wa kukuonyesha ilikuwa taabu. Aliyebadilisha mambo ni Akira Yoshizawa, aliyezaliwa mwaka 1911 katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alianza kazi ya kiwanda akiwa bado kijana mdogo. Baadaye aliiacha ili ashike karatasi tu, na kwa miaka mingi aliishi maskini, akipita mlango kwa mlango kuuza kitoweo. Wamama wa sokoni mnajua maisha hayo. Mwaka 1954 alitoa kitabu chenye alama zake: mistari na mishale inayoonyesha mkunjo uende wapi. Waandishi wa Marekani na Uingereza walizichukua alama hizo katika miaka ya 1960 na kuongeza nyingine, na leo ni zilezile karibu kila mahali. Anayezijua anaweza kufungua kitabu cha Kijapani na kukunja.

Hizi ndizo unazohitaji kwanza:

Mstari wa vipande vifupi vifupi ni bonde. Kunja kuja kwako, karatasi ifunge kama kitabu.

Mstari wa vipande na nukta ni mlima. Kunja kwenda nyuma, mgongo wa mkunjo ubaki juu.

Mshale unaonyesha karatasi inakwenda upande gani.

Mshale unaokwenda na kurudi: kunja, halafu fungua tena. Kinachotakiwa ni alama ya mkunjo tu.

Mshale wenye kitanzi katikati: geuza karatasi, upande wa chini uje juu.

Siri ya kusoma ni hii: usitazame mchoro mmoja peke yake. Tazama ulipo, kisha tazama mchoro unaofuata, maana huo ndio jibu. Karatasi yako ikifanana nao, endelea. Isipofanana, fungua mkunjo wa mwisho tu, usiitupe. Tena, shika karatasi upande uleule ilivyochorwa, na usipitishe ukucha kabla pembe hazijakutana sawasawa.

Kwa mikono yetu hili si jambo geni. Mama anayefunga samaki wa liboke anajua jani lianze kukunjwa upande gani, nini kiingie chini ya nini, na kwa nini pembe ikikaa vibaya mchuzi utamwagika motoni. Anayefunga kwanga vilevile. Hakuna aliyetuandikia hayo. Anayeweza kufunga liboke lisivuje, karatasi haitamshinda.

Tujaribu kikombe. Karatasi ya kaye si mraba, kwa hiyo kwanza ilaze mbele yako, chukua pembe moja ya juu, ishushe mpaka ukingo wa juu ulale sawa juu ya ukingo wa pembeni. Kipande kinachobaki chini kikunje, kipige ukucha, kikate taratibu kwa mkono. Ukifungua, una mraba.

1. Kunja mraba pembe kwa pembe upate pembetatu. Upande mrefu uwe chini, ncha iwe juu.

2. Chukua pembe ya chini ya kulia, ipeleke mpaka iguse ukingo wa kushoto. Ukingo wa juu wa kipande hicho ulale sambamba na upande wa chini.

3. Pembe ya kushoto nayo ipeleke kulia, juu ya ile ya kwanza.

4. Ile ncha ya juu ina karatasi mbili. Ya mbele ikunje mbele, ya nyuma ikunje nyuma.

5. Bonyeza kidogo pembeni, mdomo utafunguka.

Ukitumia karatasi safi isiyo na wino, kikombe hicho kinabeba karanga vizuri. Kwa mikate yenye mafuta hakifai, karatasi italowa.

Ukiwa na mtoto wa shule ya msingi, mkunjo ni hesabu pia. Kunja mara moja, mwulize: nusu. Mara ya pili: robo. Mara ya tatu: moja ya nane. Fungua, ahesabu vipande mwenyewe. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliweka kukunja karatasi kati ya kazi za watoto.

Katika vitabu vingi mtakutana na ndege mwenye shingo ndefu. Huyo ni korongo, na Wajapani husema anayekunja elfu moja hupata ombi lake. Msichana wa Hiroshima, Sadako Sasaki, alikuwa na miaka 2 bomu lilipoangushwa juu ya mji wao tarehe 6 Agosti 1945. Baadaye alishikwa na kansa ya damu. Alikunja makorongo akiwa kitandani hospitalini, akafa mwaka 1955 akiwa na miaka 12. Watoto wa Japani walichanga feranga, na mwaka 1958 sanamu ya ukumbusho ikasimamishwa. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu lile ilichimbwa kwetu Kongo, huko Shinkolobwe, Katanga. Kwa hiyo korongo si hadithi ya mbali. Watoto wa Kisangani, mji ulioona mabomu ya juni 2000, wanastahili kuisikia wanapomkunja.

Korongo ana hatua nyingi, msianze naye. Anzeni na kikombe, kisha mashua, kisha mfuate kitabu ukurasa kwa ukurasa. Jioni moja, mchoro mmoja, inatosha. Mahali palipo na maneno ya Kifaransa, mtoto asome. Mahali palipo na mshale, mama asome. Kila mmoja atakuwa na jambo la kumfundisha mwenzake.

Katika mkutano ujao kila mama alete kikombe chake. Na mtoto akikuletea kitabu juma hili, usimtume kwa mtu mwingine kabla wewe mwenyewe hujakifungua.