Daftari Lifungwe, Tusome

Waandishi chipukizi wenzangu, kila siku tunalia eti hatuna wasomaji. Hivi mmewahi kukaa jumuiya mkasikiliza?

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA walikutana Nairobi kuzungumzia ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo. Majirani wachache wakutane nyumbani kwa mmoja wao, wasome Injili, kisha kila mtu aseme neno lililomgusa. Muuza mkaa anasema, mwalimu anasema, dada wa kazi naye anasema, na hakuna anayeulizwa cheti cha kidato cha nne. Mimi sijaona darasa la fasihi linalozidi hilo.

Sasa njoo mtaani kwetu, Dar. Injili inasomwa mbio mbio, tafakari dakika tano, halafu linafunguliwa daftari: ujenzi, zaka, sare za kwaya. Mama muuza maandazi kasomewa deni lake mbele za watu, watoto wake wanasikia. Wiki iliyofuata hakuonekana. Siku akitaka barua ya ubatizo wa mtoto, ataulizwa alikuwa wapi!

Wanakwaya wana siku yao, WAWATA wana yao. Daftari nalo lipewe siku yake, jioni ya kusoma ibaki ya kusoma. Na sisi wapenda vitabu tuende, siyo kughani mashairi yetu, bali kusikia jinsi watu wanavyosema.

Nimeshamwambia mwenyekiti. Kanijibu nilete kwanza mchango wa Machi.